Mbuzi au Ng'ombe?

Mzee wa Amukura alikuwa akitusimulia pigano la Wateso na Wapadhola upande wa Tororo, ambalo babu yake aliuona moshi wake akiwa mtoto. Mtafiti niliyefuatana naye hakumuuliza mwaka. Aliuliza: "Mzee wangu, siku hiyo babu alikuwa akichunga mbuzi au ng'ombe?"

Mzee akafumba macho. "Mbuzi. Ng'ombe alikuwa hajaaminiwa."

Hapo pigano likapata umri, kwani mtoto wa kuchunga mbuzi ni wa miaka sita, saba, si kumi na mitano. Sotoka je, ilikuwa imepita? Bado, zizi lilikuwa limejaa. Maradhi hayo yalifyeka mifugo ya huku mwanzoni mwa miaka ya 1890. Na babu alioa lini? Habari za gari moshi zilipoanza kuvuma. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mtafiti akaandika kwa penseli: miaka ya 1880.

Naistahi sana penseli ile. Roma yenyewe, pamoja na maandishi yake na orodha za makonsuli, ilikwama papo hapo. Warumi hawakuisahau siku Wagallia walipowashinda kwenye mto Allia: 18 Julai, siku ya mkosi kila mwaka. Mwaka ndio uliowaponyoka. Kwa hesabu ya Varro ni 390 KK. Kwa ya Polybius ni 387.

Ukirudi nyuma hadi Adhola, mwasisi wa Wapadhola, alipobaki Budama na ndugu yake Owiny akaendelea Nyanza, hakuna mbuzi wala sotoka ya kukushika mkono. Vimebaki vizazi tu. Mwanahistoria Bethwell Ogot alikaa na wazee wa Padhola na wa Nyanza, akazipokea nasaba zao, akazilinganisha, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake kuhusu Waluo wa Kusini. Fikiria subira hiyo! Kizazi ukikipa miaka 27 badala ya 30, vizazi kumi na viwili vinakusogeza miaka 36. Ndugu wawili wakihesabiwa baba na mwana, umeongeza kizazi ambacho hakikuwapo.

Kesho yake tulivuka Malaba. Nagongera alitungoja bibi wa Kipadhola, ambaye ukoo wake ulipigana upande wa pili. Mtafiti alikwisha kuliandaa swali lake la kwanza: siku ile wimbi lilikuwa shambani au ghalani?