Nyuma, mbele, mbele, nyuma

Levo ya kidijitali, kabla ya kusoma fimbo ya kwanza, humtaka mpimaji achague mpangilio wa usomaji. Wengi huchagua ule unaojitokeza juu ya menyu na kuendelea na kazi. Naandika kuutetea mpangilio mmoja ambao watu huuona unapoteza muda.

Tuite usomaji wa fimbo ya nyuma N, na wa fimbo ya mbele M. Kusawazisha msingi wa nyumba, NM moja inatosha. Kazi ya usahihi wa hali ya juu ndiyo inayotaka kila fimbo isomwe mara mbili, na hapo kuna njia mbili: NNMM au NMMN. Ya kwanza ina mvuto wake, maana darubini inageuzwa mara moja tu. Tatizo liko chini, kwenye miguu ya mashine.

Tripodi haitulii kabisa. Juu ya lami iliyopata jua la saa nane mchana huzama. Juu ya majani huweza kusukumwa juu kidogo kidogo. Tuseme inazama milimita 0.02 kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Kwa NNMM, wastani wa nyuma unapatikana mashine ikiwa imezama 0.01, na wa mbele ikiwa imezama 0.05. Kosa ni milimita 0.04. Kwa NMMN, wastani wa nyuma ni 0.03 na wa mbele ni 0.03. Kosa limefutika.

Milimita 0.04 haionekani kwa macho. Lakini ukiweka mashine kila mita 60, kilomita moja ina vituo kama 17, na kosa hili haliyumbi huku na huku kama makosa ya bahati. Linaelekea upande uleule. Kilomita 10 zinakupa karibu milimita 7.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jinsi NNMM inavyoficha kosa lake. Toa M ya kwanza kwenye N ya kwanza, kisha ya pili kwenye ya pili: majibu yote mawili yamezidi kwa 0.04, kwa hiyo yanakubaliana vizuri kabisa. Mpimaji anaridhika. Kwa NMMN jibu la kwanza linazidi kwa 0.02 na la pili linapungua kwa 0.02. Kutokubaliana huko kunakuonyesha kwamba mashine inazama, na wastani wake bado ni sahihi.

Sharti la NMMN ni mwendo sawa kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Lori likipita katikati, baada ya M ya kwanza, ukasubiri, hakuna hasara: pande zote mbili zimechelewa sawa. Ukisubiri kabla ya N ya mwisho, ulinganifu umevunjika, na dawa ni kurudia kituo kizima. Tena mashine huzama haraka zaidi mara tu baada ya miguu yake kukanyagiwa ardhini, kwa hiyo iache itulie kidogo kwanza.

Kuna adui wa pili. Tangu Zeiss ilipotoa Ni 2 mwaka 1950, levo zimekuwa zikijisawazisha kwa kompenseta, na kompenseta huacha mwinamo mdogo unaotegemea darubini ilielekea wapi kiputo kilipowekwa katikati. Kulinganisha umbali wa mbele na nyuma hakuuondoi. Wapimaji wa Ujerumani wana mbinu wanayoiita ya suruali nyekundu: mshika fimbo mmoja anavaa suruali nyekundu, na kila kituo darubini inaelekezwa kwake kwanza, kiputo kikawekwa katikati ikiwa imemwelekea. Kwa kuwa fimbo hurukana, yeye kituo hiki yuko nyuma, kituo kinachofuata yuko mbele. Ndiyo NMMN ikifuatwa na MNNM, ambayo menyu za Leica huiandika aBFFB. Idadi ya vituo ikiwa shufwa, mwinamo unajifuta, pamoja na tofauti ya sifuri kati ya fimbo mbili.

Lakini menyu haisawazishi kiputo. Nimeona mpangilio huu ukichaguliwa, kisha kiputo kikasawazishwa darubini ikitazama nyuma kila kituo; faida yote ya kupokezana ikapotea.

Bamba la chuma lililobeba fimbo nalo huzama, wakati mashine inahamishwa kwenda kituo kinachofuata. Hapo hakuna mpangilio wa usomaji utakaosaidia. Njia ipimwe kwenda, kisha ipimwe kurudi.