Kuitambua Kingamwili Bora: Mwongozo kwa Wanaohesabu Seli T

Mtu anayeishi na VVU akiambiwa CD4 zake ni 180, namba hiyo imepatikana kwa damu kidogo, leza, na kingamwili zilizobandikwa rangi zinazong'aa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtu mzima aliye chini ya 200 kwa mikrolita ahesabiwe kuwa na ugonjwa uliokomaa na apewe huduma ya ziada. Kitendanishi kibovu kinaweza kumvusha mpaka huo kimakosa. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara anapaswa kujua kukichagua.

Anza na kloni. Tangu Georges Köhler na César Milstein walipoonyesha njia huko Cambridge mwaka 1975, tunaweza kupata kingamwili za ukoo mmoja wa seli, zote zikishika mahali pamoja. Kwa CD3 utakutana na UCHT1, SK7 na OKT3. Zote hutambua seli T, lakini hazilingani katika nguvu ya kushika. Kichupa kisichotaja kloni wala namba ya toleo usikipokee.

Kisha tazama rangi. Alama iliyojaa kwenye seli, kama CD8, huonekana vizuri hata kwa FITC, ambayo mng'ao wake ni wa wastani. Alama adimu, kama CD25, ipe PE, rangi kali inayotokana na mwani mwekundu. Kumbuka kwamba mwanga wa FITC humwagikia kwenye kihisi cha PE. Lazima uwe na mirija yenye rangi mojamoja ili mashine ijue ni kiasi gani cha kuondoa.

Jaribio linalofichua ubora ni la kupunguza kipimo. Chukua damu ya mtu mmoja, igawe kwenye mirija kadhaa, na kila mrija upate nusu ya kingamwili ya mrija uliotangulia. Kingamwili ikizidi, hunata hata kwenye seli zisizohusika. Ikipungua, seli zinazohusika hufifia. Tafuta kiasi kinachoyatenga makundi hayo mawili kwa umbali mkubwa zaidi, kila kundi likiwa limebana. Mng'ao mkali usiotenganisha makundi hauna faida.

Rangi za tandemu, kama PE-Cy7, zina udhaifu wake. Hizi ni rangi mbili zilizofungwa pamoja, ya kwanza ikipokea nishati ya leza na kuipitishia ya pili. Zikikaa mwangani, muungano huvunjika na PE hubaki iking'aa peke yake. Angalia mrija wenye PE-Cy7 tupu: mwanga ukianza kuongezeka kwenye kihisi cha PE kuliko ilivyokuwa kichupa kilipofunguliwa, kiweke kando. Hifadhi vichupa gizani, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, wala usiigandishe rangi ya PE au ya APC.

Mwisho, soma grafu kwa makini. Kwenye CD4 utaona kundi linalong'aa sana, nalo ni la seli T, na chini yake kundi hafifu: hilo ni la monositi, ambazo nazo hubeba CD4 kidogo. Seli NK nazo zinaweza kubeba CD8 hafifu. Kwa hiyo, bila CD3 kando yake, CD4 au CD8 pekee haitoshi kukuambia hii ni seli T. Jumlisha asilimia ya seli T zenye CD4 na zenye CD8. Jumla ikaribie ile ya CD3. Pengo dogo ni la kawaida, kwa sababu seli T chache hazina CD4 wala CD8. Pengo kubwa ni dalili kwamba kuna kasoro.

Toleo jipya likifika, lipime sambamba na la zamani kwa damu ileile kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa. Fanya hivyo hata kama mtengenezaji ni yuleyule na bei ni ileile.