Fomu 34A: kazi ya leza na kazi ya karatasi

Fomu 34A haina urembo. Ni karatasi ya kuandikia kura za urais zilizohesabiwa katika kituo kimoja, na taabu ya anayeisanifu inaanzia papo hapo, kwenye kituo kimoja. Katika uchaguzi wa 2022 Kenya ilikuwa na vituo 46,229. Kila kituo kilihitaji fomu yenye jina lake na msimbo wake wa tarakimu 15.

Chukua mfano wa Kaunti ya Kajiado. Wadi ya Rombo iko Kajiado Kusini, chini ya Kilimanjaro, jirani na mpaka wa Tanzania. Kitengela iko Kajiado Mashariki, mji uliofurika watu. Misimbo ya kote kuwili huanza na 034, nambari ya kaunti. Kwa kuwa kituo hakiruhusiwi kupita wapiga kura 700, shule moja ya msingi mjini hugawanywa vituo kadhaa, na misimbo yao hutofautiana katika tarakimu mbili za mwisho tu. Fomu zikipishana hapo, jicho la haraka haliwezi kugundua.

Kazi ya namna hii kwa desturi hufanywa kwa awamu mbili. Kwanza matbaa kubwa huchapa ganda: nembo, jedwali, michoro myembamba ya kuzuia kunakili. Kisha mashine ya kasi, mara nyingi ya leza, hupitisha ganda hilo na kujaza kinachobadilika. Hapo ndipo masharti ya leza yanapoanza kumbana msanifu. Tona huyeyushwa kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, hivyo wino wa ganda lazima ulistahimili bila kulainika na kuchafua rola. Mashine nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Karatasi nayo huyumba kidogo inapopita, kwa hiyo kisanduku cha msimbo kikibana mno, tarakimu hupanda juu ya mstari.

Gumu kuliko yote ni nakala. Mawakala wanataka zao, mlango wa kituo unataka yake, na afisa wa eneo bunge anangoja ya asili. Karatasi inayojinakili, ambayo kampuni ya NCR ya Marekani iliianzisha miaka ya 1950, ina vifuko vidogo mno vya kemikali ambavyo hupasuka kalamu inapokandamiza. Printa za zamani za pini ziligonga karatasi, na maandishi yakapenya hadi nakala ya chini. Leza haigongi. Kila nakala ya kila kituo inabidi ichapwe peke yake, kwa mpangilio sahihi, na rola zisikandamize kiasi cha kuvipasua vifuko kabla ya siku ya kura. Karatasi moja ikikwama na kurukwa, nambari ya mfululizo iliyokuwa kwenye ganda huachana na jina la kituo, na kosa hilo hurithiwa na fomu zote zinazofuata.

Mvutano huu kati ya ganda na data una umri. IBM 3800 ya 1975, leza iliyotoa kurasa zaidi ya 200 kwa dakika, ilimulika umbo la fomu kutoka kwenye filamu huku leza ikiandika data. Kubadili fomu kulimaanisha kubadili filamu. Xerox 9700 ya 1977 ilichora fomu na data kwa pamoja, nukta 300 kwa inchi, kurasa 120 kwa dakika. Uhuru huo nao ulikuwa na mipaka: mistari na herufi nyingi mno zikikatiza mstari mmoja wa leza, mashine ilielemewa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna leza inayoliweza: alama ya maji, ile inayoonekana karatasi ikiinuliwa mwangani. Hiyo hutiwa kiwandani, karatasi ingali rojo. Hapa ndipo uchaguzi wa 2017 ulipokwama. Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba, na ukaguzi wa msajili wake ulikuta fomu 56 kati ya 291 za 34B, za kujumlishia kura za eneo bunge, hazina alama ya maji, na 31 hazina nambari za mfululizo. Fomu 34C, ya kutangazia mshindi, haikuwa na lolote kati ya hayo mawili.

Haishangazi, kwa macho ya mchapaji, kwamba 34B ililegea. Fomu 34A ya Rombo inaweza kuchapwa wiki nyingi kabla. 34B hukusanya hesabu za vituo vyote vya eneo bunge, hesabu zinazozaliwa usiku wa kura, na ni lazima ijazwe huko huko, mbali na matbaa. Ulinzi wote unategemea ganda lililochapwa mapema kufika na kutosha. Likipungua, rimu yoyote ya dukani itaingia kwenye printa bila kulalamika.

Mwaka 2022 sharti lingine liliongezeka uzito: fomu ilipigwa picha kituoni kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha uchaguzi, na umma ukaisoma mtandaoni. Michoro ya kuzuia kunakili, mizuri mkononi, hugeuka ukungu wa kijivu kwenye picha, kwa hiyo chini ya tarakimu inabidi ififishwe au iondolewe. Visanduku navyo viwe vipana, maana anayeandika ni mtu aliyeamka alfajiri na sasa anahesabu usiku kwa taa. Katika hilo msanifu alipata nafuu ambayo hakuiomba: wagombea wa urais walikuwa 4, nusu ya wale 8 wa 2017.