Kikao kimoja kwa wiki: kanuni iliyoiponza Adacolumn

Kilichoiponza Adacolumn, kichujio cha chembe nyeupe za damu, ni ratiba. Nimeshaliandika hili na nitaliandika tena, maana bado nawasikia madaktari wakisema kuchuja chembe nyeupe za damu kulijaribiwa kukashindwa. Japani ilipokiruhusu kichujio hicho mwaka 2000 kwa wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda, kanuni ikataka mfululizo wa vikao 5, kimoja kila wiki. Uamuzi ule ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, na ukaachwa utawale miaka 10.

Tazama kikao chenyewe. Sindano moja mkono huu, nyingine mkono wa pili. Pampu inavuta mililita 30 kwa dakika, damu iliyotiwa heparini inapita katikati ya shanga za selulosi asetati zenye kipenyo cha milimita 2, neutrofili na monositi zilizochachamaa zinanasa kwenye shanga, limfositi nyingi zinapita salama. Dakika 60 zikiisha, lita 1.8 zimechujwa na mgonjwa anakaa kitandani akiongea. Kazi safi.

Halafu anaambiwa arudi wiki ijayo. Kwa nini wiki? Makadirio mengi yanaipa neutrofili saa chache tu ndani ya mishipa. Uboho wa mtu mzima mwenye afya huzalisha takriban bilioni 100 kila siku, na uvimbe ukishika utumbo, uzalishaji hupanda. Zile zilizonaswa Jumatano, kufikia Ijumaa nafasi zao zimejazwa zamani, na nyingine mpya zimeshapenya kwenye ukuta wa utumbo mpana kuendeleza vidonda. Ni kukumba maji ya mtumbwi unaovuja kwa nusu saa, kisha kuweka kata chini siku sita. Aliyepanga ratiba ile aliifuata kalenda ya kliniki, akaisahau kalenda ya uboho. Wala tahadhari haiwi kisingizio: madhara yanayotajwa zaidi ni kichwa kuuma na kizunguzungu, kwa wagonjwa ambao njia yao nyingine ilikuwa dawa ya prednisoloni, na prednisoloni tunajua inavyoumiza mifupa, sukari na usingizi.

Jibu likaja mwaka 2009. Sakuraba na wenzake waliwagawa kwa kura wagonjwa 163 nchini Japani, kundi moja likachujwa mara moja kwa wiki, jingine mara mbili. Waliotulia kabisa walikuwa asilimia 54.0 kwa ratiba ya zamani na 71.2 kwa ratiba mpya. Lakini mimi namba ninayoishika ni ya siku za kufikia utulivu huo: 28.1 dhidi ya 14.9. Kwa mtu anayekwenda chooni mara kumi kwa siku, damu ikitoka kila mara, wiki mbili hizo ni nyingi mno. Mwaka uliofuata Japani ikaondoa kizuizi cha wiki.

Kwa bahati mbaya hukumu ya dunia ilikuwa imeshatoka. Jaribio la Amerika Kaskazini la Sands na wenzake, lililochapishwa mwaka 2008, lilikuwa na wagonjwa 168 na kikao bandia cha kulinganishia, tiba ikatandazwa kwa wiki 9. Nafuu kamili ilipatikana kwa asilimia 17 dhidi ya 11, tofauti isiyothibitika kitakwimu. Jaribio lilipangwa vizuri. Dozi ndiyo iliyokuwa haba, na uhaba huo ukasomwa kama udhaifu wa kichujio. Kwa ugonjwa wa Crohn sikitetei kichujio: jaribio la mwaka 2013, wagonjwa 235, nafuu ya asilimia 17.8 dhidi ya 19.2 ya kikao bandia. Hapo kimeshindwa.

Wazee wetu wa Hyogo, Japani, walilielewa suala la dozi mapema. Koji Sawada na wenzake, wakitumia kichujio cha nyuzi za poliesta, waliripoti mwaka 2003 nafuu ya asilimia 74 dhidi ya 38 ya waliopewa prednisoloni. Mwaka 2005 wakaleta jaribio la kikao bandia, dogo la wagonjwa 19 waliohesabiwa mwishoni, 80 dhidi ya 33. Sawada naye alianza na kikao kimoja kwa wiki, lakini kichujio chake kilipitisha mililita 50 kwa dakika, lita 3 kwa saa, na hakikuchagua: limfositi nazo zilibaki kwenye nyuzi. Adacolumn ilichuja damu pungufu, ikanasa aina chache zaidi za chembe, na wiki ikabaki ileile.