Tovuti ya Mzungumzaji: Faili Linalosomwa na Kamati

Mzungumzaji wa kulipwa ni mtu ambaye riziki yake, au sehemu kubwa ya riziki hiyo, hutokana na kualikwa kutoa mada katika makongamano, semina, mikutano mikuu ya vyama vya ushirika, mahafali na vikao vya mwaka vya makampuni, naye hutofautiana na mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kuiongoza shughuli kutoka tukio moja hadi jingine. Tovuti ya mtu huyo mara nyingi hutengenezwa kana kwamba itasomwa na hadhira yake, ikajazwa rangi, maneno ya kutia moyo na salamu ndefu za kumkaribisha mgeni. Hapo ndipo kasoro inapoanzia, kwa sababu anayeifungua akiwa na haja ya kweli ni mratibu wa shughuli: mtu aliyepewa jukumu la kutafuta mtoa mada, mwenye majina matatu au manne mezani, na ambaye kesho yake ataulizwa na kamati ya maandalizi kwa nini amependekeza jina hili akayaacha mengine. Tovuti bora ni ile inayompa mratibu majibu ya kamati kabla hajaulizwa, na kila kilichomo ndani yake, kuanzia picha hadi msimbo usioonekana, kinaweza kupimwa kwa kigezo hicho.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1868, katika mji wa Boston nchini Marekani, mwandishi wa habari James Redpath alifungua ofisi ya kuwaunganisha wahadhiri wa majukwaani na kumbi zilizowahitaji, na kwa malipo ya asilimia 10 ya ada ya mhadhiri, ofisi hiyo ilibeba mzigo wa barua, ratiba na makubaliano ya bei; miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Mark Twain na Frederick Douglass. Vipeperushi vya biashara hiyo, hasa vya miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakati jina la Redpath lilipokuwa limefungamana na mikutano ya mahema iliyoitwa Chautauqua, vimehifadhiwa kwa maelfu katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Iowa. Anayevipitia hukuta mambo yaleyale yakijirudia, yaani picha ya mhusika, majina ya mihadhara yake na sifa alizopewa huko alikokwisha kuzungumza, kwa kuwa kamati ya mji mdogo ililazimika kujifunga kumlipa mtu ambaye haijapata kumsikia. Tovuti ya leo imerithi kazi ya kipeperushi na kazi ya wakala kwa pamoja, na nyingi zinazoshindwa hushindwa kwa kuikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili.

Jambo linalostahili nafasi ya juu kabisa ni mada zenyewe. Mchungaji Russell Conwell wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 1925, alitoa hotuba moja, "Acres of Diamonds", zaidi ya mara 6,000, na mapato yake yalisaidia kusomesha vijana na kukikuza chuo alichokianzisha, ambacho leo ni Temple University. Hotuba ile ilikuwa na jina, na jina hilo liliweza kutamkwa na mjumbe wa kamati aliyetaka kuwashawishi wenzake. Mzungumzaji anayeandika kwenye tovuti yake kwamba anazungumzia "uongozi, ujasiriamali, malezi, uwekezaji na afya ya akili" hajampa mratibu kitu cha kubeba kikaoni, bali amemtwisha kazi ya kubuni mada kwa niaba yake. Tofauti huonekana mara moja pale ukurasa unapotaja, kwa mfano, mada iitwayo "Deni Bila Ugomvi", ukaeleza kuwa ni ya dakika 45, imelengwa kwa wajumbe wa bodi na maofisa mikopo wa SACCOS, na kwamba wasikilizaji wataondoka na hatua za kufuata wanapozungumza na mwanachama aliyechelewesha marejesho. Mratibu ananakili maelezo hayo na kuyaweka kwenye rasimu ya ratiba jinsi yalivyo. Mada tatu hadi tano zilizoelezwa namna hiyo zinatosha. Orodha ya mada ishirini huzua shaka kwamba hakuna hata moja aliyoizamia.

Baada ya mada hufuata video, na hapa panahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Wazungumzaji wengi hutengenezewa mkusanyiko wa vipande vya sekunde chache chache, muziki mkubwa ukipigwa juu yake, watu wakionekana kupiga makofi na mhusika akinyoosha mkono jukwaani. Mkusanyiko wa aina hiyo unathibitisha kwamba aliwahi kupanda jukwaani, lakini hauonyeshi anavyozungumza. Tangu Juni 2006, shirika la TED lilipoanza kuweka mazungumzo ya jukwaa lake mtandaoni bila malipo, mazungumzo ambayo hayapaswi kuzidi dakika 18, waandaaji duniani kote wamezoea kumpima mtu kwa kumtazama akijenga hoja kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Kipande kimoja kisichokatwa cha dakika tano hadi nane, chenye mahali ambapo ukumbi unanyamaza na mahali ambapo swali gumu linajibiwa, kina thamani kubwa kuliko mkusanyiko wowote uliopambwa. Sauti yake ichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya ukumbi, kwa kuwa simu iliyoshikwa na mtu wa safu ya nyuma hunasa mwangwi na kelele za viti kuliko maneno. Maandishi ya chini ya picha ni ya lazima, maana wajumbe wengi hutazama wakiwa ofisini simu ikiwa kimya. Na anayetangaza kwamba hutoa mada kwa Kiswahili aonekane akizungumza Kiswahili. Tovuti ambazo video zake zote ni za Kiingereza huiacha kamati ikikisia.

Upande wa ufundi, faili la video halifai kupakiwa kwenye seva ya mzungumzaji mwenyewe, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yake na kuipeleka kwa kila anayeiomba. Huduma kama YouTube na Vimeo huweka nakala kadhaa za video ileile kwa viwango tofauti vya ubora, kisha humpelekea mtazamaji kile ambacho mtandao wake unaweza kukibeba, na kubadilisha kiwango hicho video ikiendelea iwapo mtandao utadhoofika. Hata hivyo, kichezeo cha huduma hizo, yaani programu inayoendesha video ndani ya ukurasa, nacho hupakua mafaili yake kabla mtu hajabonyeza chochote, na kwa hiyo njia nzuri zaidi ni kuweka picha tuli yenye alama ya kuchezesha, kichezeo kikaitwa pale tu mgeni anapoigusa. Video inayojianzisha yenyewe humlia mtu bando bila ruhusa yake, na katika nchi ambamo wengi hununua bando la siku au la wiki, huo ni ukosefu wa adabu.

Uzito wa picha unaweza kupigiwa hesabu. Picha iliyotoka kwenye simu ya kisasa bila kuguswa inaweza kuwa na upana wa pikseli 4,000, pikseli zikiwa nukta ndogo zinazounda picha, na uzito wa megabaiti 4. Megabaiti moja ni sawa na megabiti 8, kwa hiyo kwenye mtandao unaopitisha megabiti 4 kwa sekunde, picha hiyo peke yake inachukua sekunde 8 kufika. Ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP, inaweza kushuka hadi kilobaiti 200 au chini yake, ambazo zinafika ndani ya nusu sekunde, na kwenye simu jicho halitaona tofauti. Google huhesabu kuwa ukurasa uko vizuri iwapo kipengele chake kikubwa zaidi kinachoonekana kinajitokeza ndani ya sekunde 2.5, kwa hiyo tovuti yenye picha tano za megabaiti 4 imekwisha kushindwa kabla ya neno la kwanza kusomwa. Lakini picha kubwa isitupwe. Mchapaji wa kitabu cha kongamano anayehitaji picha ya kujaza upana wa karatasi ya A4 kwa ubora wa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi anahitaji takriban pikseli 2,480, kwa hiyo nakala halisi iwekwe kama kiungo cha kupakua, mbali na ile inayoonyeshwa.

Pembeni ya picha hiyo ndipo mahali pa wasifu, nao unahitajika kwa urefu mbalimbali: maneno 50 kwa ajili ya bango na ratiba, maneno 150 kwa ajili ya kitabu cha kongamano, na wa tatu, ambao husahaulika sana, ulioandikwa kwa ajili ya kusomwa kwa sauti na mshereheshaji. Huo wa tatu huandikwa kwa sentensi fupi, bila vifupisho vya shahada wala majina ya taasisi yanayoufunga ulimi, na hutaja jinsi jina la mzungumzaji linavyotamkwa. Mshereheshaji asiyepewa maandishi hayo hujitungia mwenyewe, na mtoa mada hupanda jukwaani akianza kwa kusahihisha cheo alichobandikwa.

Kuna ukurasa mmoja ambao mzungumzaji hauoni kabisa akiitazama tovuti yake, ingawa Afrika Mashariki pengine ndio unaosomwa kuliko zote. Mratibu akishampata mtu, hunakili kiungo na kukituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati, na wajumbe huona kwanza kadi ndogo yenye picha, kichwa cha habari na mstari mmoja wa maelezo. Wengi wao huishia hapo. Kadi hiyo hujengwa kutokana na mistari iliyofichwa katika msimbo wa ukurasa, inayofuata utaratibu uitwao Open Graph, ulioanzishwa na Facebook mwaka 2010, na kila mstari unaieleza programu kichwa ni kipi, maelezo ni yapi na picha ni ipi. Pale ambapo fundi hakuiandika, kundi huona kiungo kitupu au neno "Mwanzo" lililobaki kutoka kwenye kiolezo, yaani tovuti ya mfano iliyonunuliwa ikabadilishwa jina. Pale ilipoandikwa vizuri, kichwa hubeba jina la mtu na fani yake, mstari wa maelezo hutaja mada na lugha anazozungumza, na picha, iliyokatwa kwa vipimo vya pikseli 1,200 kwa 630, humwonyesha akiwa jukwaani. Kazi yote hiyo haizidi saa moja ya fundi anayeijua.

Mawasiliano nayo yana mitego yake. Kiungo cha WhatsApp cha aina ya wa.me hudai namba ianze na msimbo wa nchi, 255 kwa Tanzania au 254 kwa Kenya, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Sifuri hiyo moja ikibakizwa, kitufe hakimpeleki mgeni popote. Saa ni mtego mkubwa zaidi. Mratibu anapoandika kwenye fomu kwamba kikao ni saa 3, akimaanisha saa tatu asubuhi, kalenda ya kompyuta husoma 03:00, yaani saa tisa usiku. Mwaliko ukitoka Bujumbura au Lubumbashi, ambako saa ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, au Muscat, ambako ziko mbele kwa saa moja, mkanganyiko huongezeka. Fomu iliyotengenezwa kwa uangalifu humpa mgeni achague asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha humwonyesha saa zote mbili kwa pamoja: saa 3:00 asubuhi, 09:00, saa za Afrika Mashariki.

Kuhusu ada, baadhi ya mawakala wa Marekani na Uingereza hutangaza viwango waziwazi, ilhali wazungumzaji wengi wa Afrika Mashariki huona haya kufanya hivyo. Hata anayeficha kiasi anapaswa kueleza ada inajumuisha nini, nani hulipia nauli na malazi, na kwamba ankara kifani, ile hati ya bei inayotolewa kabla ya malipo, hupatikana kwa ombi pamoja na namba ya mlipakodi, kwa kuwa mhasibu wa taasisi hawezi kuanzisha malipo bila hati hizo.

Ushuhuda wa wateja hupoteza nguvu unapokuwa sifa tupu. "Alikuwa mzuri sana" haimsaidii mjumbe wa kamati, lakini maelezo yanayotaja aina ya shughuli, mwaka, ukubwa wa hadhira na kilichofanyika baadaye humsaidia. Yatolewe kwa idhini ya aliyeyatoa, na vivyo hivyo picha za wasikilizaji na namba za simu zinazokusanywa kwa fomu, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamgusa pia mtu binafsi anayefanya biashara kwa jina lake.

Linabaki suala la kikoa, yaani jina la anwani linaloishia na .co.tz, .co.ke au .com, ambalo hukodiwa kwa kipindi maalumu na kuhuishwa kabla ya muda wake kwisha. Fundi mara nyingi hukisajili kwa jina na baruapepe yake ili kazi iende haraka, na miaka miwili baadaye, fundi akiwa amehama au amebadilisha namba, ujumbe wa kukumbusha malipo huangukia kwenye sanduku ambalo mzungumzaji hawezi kulifungua. Anwani iliyochapishwa kwenye vitabu vya makongamano na kadi za biashara huzimika, na hata baruapepe inayotumia jina hilohilo huzimika nayo. Kwa hiyo siku tovuti inapokabidhiwa, kabla ya malipo ya mwisho, mzungumzaji aingie mwenyewe kwenye akaunti ya msajili, ahakikishe kwamba jina la mmiliki ni lake, baruapepe ya mawasiliano ni ile isiyotegemea kikoa hichohicho, na tarehe ya kuhuisha imeandikwa kwenye kalenda yake mwezi mmoja kabla.