Vijineno Viwili vya Kiingereza na Madai ya Upungufu wa Kiswahili

Yako madai ambayo kwa kurudiwarudiwa yamepata heshima yasiyoistahili. Moja katika hayo ni hili, kwamba Mswahili huzikosea "a" na "the" za Kiingereza kwa kuwa lugha yake haina njia ya kupambanua kitu kinachojulikana na kitu kisichojulikana. Nimelisikia dai hili katika vyumba vya semina, tena vinywani mwa watu wenye elimu yao. Na nilipokwenda kwetu Mkoani kwa mapumziko nikalikuta tena katika daftari la mtoto wa skuli, limeandikwa kwa wino mwekundu. Nia yangu ni kulipinga, ingawa si lote, maana ndani yake mna chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo iliyolipa umri mrefu.

Daftari lilikuwa la binti wa ndugu yangu. Aliambiwa aandike insha juu ya bandari, naye akaandika kwa Kiingereza: "A boat came. A boat was full of people. A man carried a sack. A man fell." Mwalimu alizikata "a" mbili zilizozidi, nalo ni haki yake, kisha chini ya ukurasa akaandika: "Acha kufikiri kwa Kiswahili." Mtoto akaniuliza, "Ami, nikiacha kufikiri kwa Kiswahili, nitafikiri kwa lugha gani?"

Sikumjibu. Nilimwambia anihadithie habari ile ile kwa Kiswahili, bila ya kutazama daftari. Akasema: "Ilikuja boti. Boti ile ilijaa watu. Palikuwa na mtu mmoja kachukua gunia. Yule mtu akaanguka."

Naomba msomaji ayapime maneno hayo manne kwa utulivu. Boti inapotajwa mara ya kwanza imewekwa nyuma ya kitendo, kwa kuwa msikilizaji hajapata kuisikia. Inapotajwa mara ya pili imetangulia, tena imefuatwa na "ile". Mtu wa kwanza ameingizwa kwa "palikuwa na", akapewa na "mmoja", ambayo hapo haihesabu chochote, kwani hakuna aliyeuliza walikuwa wangapi. Mtu huyo huyo anaporudi amekuwa "yule mtu". Mahali pote ambapo Kiingereza kingetaka "a", mtoto ametia alama ya ugeni. Na mahali pote ambapo kingetaka "the", ametia alama ya ujuzi. Hakukosea hata pamoja. Basi kosa la daftari halikutokana na kufikiri kwa Kiswahili. Lilitokana na kuacha kufikiri kwa Kiswahili alipofika mlangoni pa Kiingereza, akaingia mikono mitupu, akidhani alichokuwa nacho hakifai humo.

Mtu aliyekaa gatini Mkoani hahitaji kufundishwa jambo hili. Mmoja akisema, "Boti imefika," kila mtu huinuka na mzigo wake, maana ni ile inayongojwa kutoka Unguja. Akisema, "Imefika boti," watu hugeuza nyuso kutazama ni boti gani. Maneno ni yale yale mawili; kilichobadilika ni mpangilio wake, na mpangilio huo umefanya kazi ambayo Mwingereza huifanya kwa kijineno. Kadhalika katika kitendo chenyewe. Anayesema "nimenunua kitabu" anatoa habari ya kununua. Anayesema "nimekinunua kitabu" anazungumza na mtu aliyekwisha kukisikia kitabu hicho, pengine aliyemwagiza. Ile "ki" ndogo iliyojificha tumboni mwa kitendo yafanya kazi ya "the". Kwa watu na wanyama mambo ni mengine, kwani twasema "nimemwona mtu" hata kama mtu huyo hatumjui kabisa, na mwenye kutunga kanuni pasi na kulitazama hilo atajikwaa. Lakini lugha yenye ngazi namna hii haiwezi kuitwa lugha isiyopambanua.

Wataalamu wa kale hawakuwa vipofu. Bibi Ashton, katika sarufi yake iliyotoka mwaka 1944, aliona kwamba "yule" akitangulia jina si sawa na "yule" akilifuata: "mtu yule" ni wa kuonyeshwa kwa kidole, na "yule mtu" ni wa kukumbukwa katika mazungumzo. Na kabla yake Askofu Steere alikwisha kutuachia, mwaka 1870, kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Atakayezisoma kurasa hizo mbili kwa pamoja ataona ule wa Kiingereza umejaa vijineno hivi kama mchele, na ule wa Kiswahili hauna hata kimoja. Wala hadithi haipotei njia, wala msomaji hachanganyi mfalme huyu na yule.

Tena Mpemba ana hazina nyingine ambayo walimu wa Kiingereza hawaitumii. Kabla ya kuijua skuli amepita chuoni, na huko amekutana na alif na lam. Atakayeendelea na nahau ataambiwa kuna nakira na kuna maarifa, na istilahi hizi mbili zimeeleza tofauti ya "a" na "the" kwa karne nyingi kabla skuli ya kwanza ya Kiingereza haijajengwa pwani hii. Hata asiyefika kwenye nahau ana sikio lililozoea. Hutaja sura ya Al-Qamar na sura ya Ash-Shams, na ulimi wake hujua wenyewe kwamba lam husikika katika ya kwanza na humezwa katika ya pili, kwa ajili ya herufi inayofuata. Mtoto wa namna hiyo kwa nini ashangae kuambiwa kwamba "a" hugeuka "an" kwa ajili ya sauti inayofuata, na kwamba kinachotazamwa ni sauti wala si herufi, hata ikawa "an hour" na "a university"? Sisi wenyewe twasema alfajiri, alasiri na Alhamisi, na "al" hiyo imeganda hata tumesahau kwamba ilikuwa neno lake mbali.

Dai la upungufu limeingia hata katika uhakiki wetu wa tafsiri. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice, akaitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, wengi waliuliza mfanyabiashara mmoja amekuwaje mabepari wengi. Nimewahi kumsikia mtu akijibu kwamba Kiswahili hakina "the", kwa hiyo mfasiri hakuwa na namna ya kumtenga mmoja. Jibu hilo ni dhaifu mno. "Bepari wa Venisi" ingesimama vizuri, na kila msomaji angeelewa kwamba yuko bepari fulani. Mwalimu hakusukumwa na lugha, alichagua. "The" ya Kiingereza huahidi mtu mmoja tu, na wasomaji wa Kiingereza wenyewe hugombana ni nani, kwani mfanyabiashara wa kichwani ni Antonio ilhali anayekaa katika kumbukumbu za watu ni Shylock. Mwalimu alilimaliza gomvi hilo kwa kuwatia wote kapu moja. Mtu aweza kutopendezwa na hukumu hiyo, na mimi naona imetunyang'anya fumbo zuri kwa ajili ya siasa ya siku zile, lakini ni hukumu ya mfasiri wala si udhaifu wa lugha.

Hasara ya kweli naiona kwingine. Achebe aliiita riwaya yake ya mwaka 1966 A Man of the People, na kejeli yake imekaa katika ile "a": huyu ni mmoja tu wa aina yake, na wenziwe wamejaa nchi. Kiswahili kimemwita Mwakilishi wa Watu, jina zuri lenye heshima, ila lenye heshima kupita kiasi; "a" imeanguka njiani na dharau imeanguka pamoja nayo. Njia ya kuiokoa ilikuwako, walau kwa "mmojawapo". Kinyume chake, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka 1994, haina kijineno chochote kichwani, na Ida Hadjivayanis alipoifasiri mwaka 2022 akaiita Peponi. Ile "ni" ya mwisho imemtia msomaji ndani ya mahali ambapo Kiingereza kilimwonyesha kwa mbali. Sisi wa Mkoani twaijua nguvu ya "ni" hiyo, kwa kuwa mji wetu umejengwa juu yake: "mkoani" ni katika mkoa wowote, na "Mkoani" ni hapa petu, hata bila ya kijineno cha kupatenga.

Sasa niseme juu ya ile chembe ya ukweli. Kiingereza kina sehemu mbili ambazo walimu huzichanganya. Sehemu moja ni ya ujuzi na ugeni, na hiyo Mswahili anayo tangu utoto. Sehemu ya pili ni ya desturi tupu, nayo haina hoja ya kumpa mtu. Mwingereza husema the Nile lakini Lake Victoria. The Gambia lakini Pemba, ingawa Waarabu walipokiita kisiwa hiki Kijani walikitilia alif na lam. Mgonjwa wa London yuko "in hospital" na mgonjwa wa Chicago yuko "in the hospital", na wote wawili wamelala. Nilipokuwa naandika tasnifu yangu ya udaktari, aliyenisimamia alizizungushia duara "the" zangu, na nilipomwomba sababu mara nyingi alinijibu kwamba haisikiki vizuri. Nilikasirika wakati ule. Leo naona alisema kweli. Mambo ya namna hii hukaririwa kama majina ya watu, na kumwadhibu mtoto kwa wino ule ule mmoja, aliposahau kanuni na asipokuwa na kanuni, ni kumfundisha kwamba yote ni bahati nasibu.

Wala jambo hili si la mapambo ya insha. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na katika hisabati vijineno hivi vina uzito wa hoja. Anayetakiwa kutafuta "a number" ambayo mraba wake ni 9 akileta 3 amejibu. Anayeambiwa "the number" ana haki ya kumrudi mtunzi wa swali, maana zipo mbili, 3 na kasoro 3. Bertrand Russell aliandika makala nzima mwaka 1905 ambamo ile "the" ya umoja ilichukua nafasi kubwa, naye hakuwa mtu wa kupoteza wino. Mtoto aliyeambiwa kwamba lugha yake haijui tofauti hii atakosa hesabu anayoiweza.

Jioni ile tuliirudia insha. Yule binti aliandika kwanza kwa Kiswahili, akapigia mstari "ile", "yule" na "mmoja", kisha akavuka nazo kwenda upande wa Kiingereza, na boti na mtu wa gunia wakakaa sawa. Sentensi yake ya mwisho ilikuwa "The people of Pemba grow the cloves." Nikaikata "the" ya pili. Akaniuliza kwa nini, na karafuu zetu kila mtu anazijua. Nikamwambia hiyo ni ya kukariri.