Kung'atuka au Kung'olewa? Arcades Mzee na Arcades Kijana

Wapo watakaouliza: hivi karata nazo ni fasihi? Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba penye mhusika na mabadiliko yake, mhakiki ana kazi. Hapa namchunguza mhusika mmoja tu, joka aitwaye Arcades, katika Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa Marekani mwaka 1993.

Kwa asiyeujua: katika mtindo uitwao Commander, mchezaji huunda fungu la karata 100. Moja ni kiongozi, 99 humfuata. Rangi za kiongozi ndizo zinazoamua karata zipi ziingie, na akiuawa aweza kurudi kwa gharama ya juu zaidi. Kwa lugha yetu, ndiye mhusika mkuu. Zamani mtindo huu uliitwa Elder Dragon Highlander, kutokana na majoka wazee 5 wa seti ya Legends ya mwaka 1994. Arcades Sabboth ni mmoja wao.

Kifani, mzee huyu ni mzigo. Anagharimu mana 8, na kila zamu umlipe 3 tena, la sivyo anaondoka. Fadhila yake kwa wafuasi ni moja: kila kiumbe aliyetulia, asiyeshambulia, huongezewa ustahimilivu 2. Huyu ni mlezi wa wanaobaki nyumbani.

Mwaka 2018, katika Core Set 2019, majoka wote 5 walipewa karata mpya. Arcades, the Strategist anagharimu mana 4 tu na hadai malipo ya kila zamu. Akiingia mlinzi, yaani kiumbe kama ukuta ambaye kwa kawaida haruhusiwi kushambulia, unavuta karata. Tena anawaruhusu walinzi kushambulia, na ustahimilivu wao ndio unaokuwa pigo. Kuta zinatembea!

Wengi husema hapa hakuna mjadala, mzee apumzike. Kwa ushindi, kweli kabisa. Mimi mwenyewe nilimtoa bila kusita. Tena tumpe kijana haki yake: amezipa uhai kuta ambazo hazikuwa na mwenyewe. Lakini hoja ya ushindi inapima fani na kusahau maudhui. Mzee aliwauliza wafuasi: mtavumilia? Kijana anawaambia: haya, twendeni! Isitoshe, mzee alituachia nafasi ya kutunga. Kijana ukishamweka, fungu limeshajichagua: kuta, kuta, kuta.

Basi, si tumweke mzee miongoni mwa zile 99? Sheria inaruhusu, maana majina yao ni tofauti. Ila hapo ndipo mgogoro unapoonekana wazi. Ukuta ukibaki nyumbani unapata nyongeza ya mzee. Ukitoka kumtii kijana unaipoteza papo hapo, wakati uleule ustahimilivu ulipohitajika kuwa pigo.

Kwa mtazamo wangu, basi, mzee hakung'atuka. Anayeng'atuka humwachia mwingine kazi ileile. Huyu kijana ni mhusika mwingine aliyepewa jina la ukoo. Tumsifu kwa yake, lakini tusidai kwamba kazi ya mzee inaendelea. Imesimama.

Mimi nimemrudisha mzee ndani ya 99. Fungu limekuwa zito kidogo, sikatai. Lakini sasa ninapoutuma ukuta vitani, naona unachokiacha nyuma.